Chati Isiyoanzia Sifuri

"Fundi, hii ni slaidi au umenibandikia gazeti ukutani?"

Nilikuwa naiangalia shingo yake. Mwanga wa projekta ulikuwa unampiga upande mmoja wa uso, na yale maneno niliyohangaika nayo wiki nzima yalikuwa yanatembea juu ya shavu lake: giaboksi, breki, pampu ya maji, klachi. Nikawaza, kumbe hata klachi inaweza kupendeza ikipata mahali pa kukaa.

"Fundi!"

"Naam."

"Nimekuuliza kitu."

"Ni slaidi. Ya kwanza."

"Ya kwanza? Kwani ziko ngapi?"

"Nimejibana sana," nikasema. "Arobaini."

Akacheka mpaka akaishika meza. Pale kazini tulimwita Bi Rangi, kwa sababu yeye ndiye aliyekaa chumba cha takwimu, ghorofa ya juu, akiwachorea wakubwa chati zao za mikutano. Hakuwa msichana, na wala hakujifanya msichana. Alishaolewa, akaachwa, akarudi kwa kaka yake na masanduku mawili na kicheko kile kile. Mimi nilikuwa msimamizi wa karakana ya malori, chini kabisa, ambako watu wa ghorofani hawashuki mpaka gari la bosi likatae kuwaka.

Sasa wakubwa walikuwa wameamua karakana ifungwe. Magari yapelekwe kwa watu wa nje, na sisi tujue pa kwenda. Kwa huruma yao wakasema, njoo Ijumaa utueleze kwa nini tusiifunge, ila uje na slaidi. Mtu niliyeacha shule mapema, kalamu naishika kwa kusaini tu, naambiwa nije na slaidi! Ndivyo walivyo wale. Wakitaka kukunyonga, kamba unasokota mwenyewe, na wanataka iwe na rangi.

Nilipopanda kuomba msaada nilitegemea kumkuta kijana mmoja mwenye dharau. Nikamkuta yeye. Tangu siku ile nikawa napanda kila mchana, na sikuwa najua tena kama napandia slaidi au napandia kitu kingine.

"Kaa," akaniambia. "Wakubwa wakitoka mle ndani, unataka watoke na jambo gani kichwani? Jambo moja."

"Kwamba wao ni wana wa..."

"Fundi."

"Kwamba wasitufunge."

"Hilo ni ombi. Sababu iko wapi?"

"Tunatengeneza."

"Mnatengeneza vipi? Nieleze kama unavyomweleza mtu barabarani."

"Lori likiingia asubuhi, jioni liko njiani. Katika kumi, tisa yanarudi siku hiyo hiyo. Nani mwingine atawafanyia hivyo? Hao wa nje watalilaza gari wiki."

Akanyoosha kidole. "Hiyo. Hiyo ndiyo slaidi yako. Moja tu."

"Moja? Na zile thelathini na tisa?"

"Zizike."

Akaanza kufuta. Kila alipobonyeza nikasikia kama mtu ananing'oa jino. Ikaenda giaboksi, ikaenda breki, zikaenda picha za mafundi wamekaa juu ya matairi. Ikabaki chati moja ya nguzo, ya kutulinganisha na karakana za nje, ambayo nilikuwa nimeipaka kila rangi iliyomo kwenye kompyuta ile.

"Na hizi rangi zote za nini?"

"Nilidhani unapenda rangi."

Mkono wake ukasimama juu ya kipanya. Akageuka. Macho yake yakatua kwangu, yakakaa hapo kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa na kazi.

"Kwani ulizitia kwa ajili yangu?"

"Nilizitia kwa ajili ya wakubwa," nikasema, uongo mtupu, na masikio yakawaka moto.

"Ahaa." Akarudi kwenye kompyuta. "Wakubwa wakiona rangi nyingi hawajui waangalie wapi. Tazama." Akazifanya nguzo zote kijivu, kijivu cha vumbi. Halafu moja, ile ya karakana yetu, akaitia kijani. Ilikuwa rangi ya kitambaa chake cha kichwani, ile ile. Juu akaandika sentensi nzima: Karakana yetu inarudisha malori tisa kati ya kumi barabarani siku hiyo hiyo. "Mtu akiingia amechelewa, amesinzia, hata amevaa miwani isiyo yake, ataelewa."

Niliiangalia chati ile, nikamwangalia yeye. Nilielewa chati. Yeye sikumwelewa hata kidogo. Mwanamke anakutazama hivyo, halafu anarudi kwenye kijivu na kijani kama hapakutokea kitu!

"Fundi, kuna jambo," akasema akiwa bado amenipa mgongo. "Kuna mtu ameleta posa nyumbani. Mfanyabiashara. Kaka anamtaka. Anasema mimi si wa kuchagua kama niko dukani. Anataka jibu Ijumaa jioni."

"Umemjibuje?"

"Nimemwambia kuna mtu mwingine."

Moyo wangu ukashuka kama lori lililokata breki mteremkoni. "Yupo?"

"Yupo."

"Basi si umtaje?"

"Nimtaje vipi, na mwenyewe hajasema?"

"Mjinga huyo."

"Sana," akasema.

"Anafanya kazi gani?"

Akageuka tena, akanitazama machoni. "Fundi."

"Naam?"

Akasubiri. Na mimi nikasubiri, maana aliniita, nikadhani ana la kuendelea nalo. Feni ya dari ikawa inazunguka. Mwishowe akashusha pumzi.

"Nimekujibu," akasema. "Ni fundi. Kutwa anatengeneza vya watu, vyake vimelala."

Hapo nikajua. Fundi umeme! Yule wa ghorofa ya pili, wa mluzi, shati limepigwa pasi hata siku ya kupanda darini. Si ndiye aliyebadilisha taa mle ndani mara mbili, na taa yenyewe ilikuwa nzima?

"Basi mwambie aseme," nikamwambia, na sauti yangu nikaisikia kama ya mtu mwingine. "Mwanamume asiyesema anapotezea watu muda."

Bi Rangi akaifunga kompyuta taratibu. "Namwambia," akasema. "Kila siku namwambia. Hasikii."

*

Nyumbani nilikaa na mama mkwe, mama mzazi wa marehemu mke wangu. Alikuja kumuuguza mwanawe, akabaki. Wakati ule wa ugonjwa niliomba ruhusa kazini nimpeleke mke wangu kwenye hospitali kubwa. Wakaniambia niandike barua. Barua ikasubiri sahihi, na mwenye sahihi alikuwa safarini anakagua matawi. Ruhusa ilitoka tumeshamzika. Waliniletea ofisini kwangu, imegongwa mhuri, kama wamenifanyia hisani. Sijawasamehe na siombi nguvu ya kuwasamehe.

Jioni ile nilisimama katikati ya sebule nikawa najaribu maneno yangu.

"Karakana yetu inarudisha malori tisa kati ya kumi..."

"Hiyo sauti umeitoa wapi?" mama akauliza. Alikuwa amekaa kwenye cherehani ya marehemu, anapinda shuka.

"Ni sauti yangu, mama."

"Yako inakwaruza. Hii imepakwa mafuta." Akainua macho. "Na hilo shati?"

"Nimenunua. Nitasimama mbele ya wakubwa."

"Mwanangu alikusihi ununue shati jipya tangu unamwoa mpaka anazikwa. Ukamwambia shati ni shati. Leo umeona kuna shati na shati."

"Mama, ni kwa ajili ya kazi."

"Kazi inavaa kitambaa cha kijani?"

Sikujua nani alimpelekea maneno. Pengine ni mke wa fundi rangi wangu, yule ambaye habari zikimwingia hazilali.

"Mkwe wangu, mimi sikufungi kamba," akasema na kuikanyaga cherehani. "Ila ujue nyumba hii ina mwenyewe. Kutokuwepo si kwamba amehama."

"Mama, hata huyo mwanamke hanitaki. Ana mtu wake. Fundi umeme."

Cherehani ikasimama. Mama akanitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama ndoo akitafuta tundu.

"Fundi umeme," akasema.

"Ndiyo."

"Amekuambia hivyo? Kwa maneno hayo?"

"Amesema ni fundi."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye shuka lake. "Huyu ndiye niliyemwozesha binti yangu," akaliambia shuka.

Nililala sijui nani amekasirika, nani amenicheka, na nani amenionea huruma.

*

Ijumaa asubuhi chumba cha mkutano kilikuwa baridi kama duka la nyama. Chupa za maji zimepangwa, wakubwa wamekaa, mwenyekiti wao mama mmoja wa miwani yuko kichwani pa meza. Meneja wetu tulimwita Tai. Wengine walisema ni kwa sababu hajawahi kuonekana bila tai shingoni. Wengine walimaanisha yule ndege.

Nilidhani nitaanza mimi. Tai akasimama mbele yangu.

"Kabla Fundi hajatueleza, niwaonyeshe picha moja tu," akasema, na ukutani zikatokea nguzo mbili. "Malori kuharibika. Mwaka jana. Mwaka huu."

Ile ya mwaka jana ilikuwa fupi kama kigoda. Ya mwaka huu ilikuwa ngazi, imepanda mpaka karibu na dari. Watu wakanong'ona. Mimi mwenyewe nilishtuka. Hivi kweli tumeharibikiwa namna ile, na mimi nilikuwa wapi?

Halafu nikaiona rangi. Ya mwaka jana kijivu cha vumbi. Ya mwaka huu kijani.

Nikageuka. Bi Rangi alikuwa kwenye viti vya ukutani, macho yako sakafuni, vidole vinavuta ncha ya kitambaa chake. Halafu akasimama.

"Samahani, Meneja. Chati hiyo nimeichora mimi, na haianzii sifuri."

"Bi Rangi, kaa," Tai akasema.

"Nimeichora mimi," akarudia, sasa kwa sauti, anamtazama mwenyekiti. "Na haianzii sifuri."

Mimi nilisikia lile la kwanza tu. Nimeichora mimi. Lililobaki likapita juu ya kichwa changu kama ndege ya wenye nauli. Mchana ananichorea mimi, asubuhi anamchorea Tai! Rangi ile ile, mkono ule ule. Nikasukuma kiti nyuma, nikatoka.

Nilikuwa nimefika kwenye kona ya ngazi, pale penye kiukuta cha kujishikia, nilipomsikia nyuma yangu anakimbia na viatu vyake vya kisigino.

"Fundi! Unakwenda wapi? Ni zamu yako!"

"Karakana. Wakati bado iko."

"Na slaidi yako?"

"Kawasomee wewe. Si unachora zote? Yangu wewe, ya Tai wewe. Umekula huku, umekula na huku."

"Umesikia nilichosema mle ndani?"

"Nimesikia. Umejivunia kazi yako mbele za watu."

Akasimama mdomo wazi. "Nimejivunia?"

"Tena mara mbili."

"Mungu nipe subira na huyu mtu." Akafuta jasho juu ya mdomo. "Hukusikia nikisema haianzii sifuri?"

"Hiyo ndiyo lugha yenu. Sifuri, asilimia, sijui nini. Mkitaka kutuzika hamchimbi. Mnachora."

Nilidhani atalia. Badala yake akanishika mkono wa shati, lile shati jipya, akanivuta mpaka nyuma ya kile kiukuta. "Simama hapa. Na mimi nasimama hapa. Ukuta unakufika wapi?"

"Tumboni."

"Na mimi?"

"Begani."

"Mtu anayepanda ngazi kule chini anaona nini?"

Nikafikiri. "Wewe anaona kichwa tu. Mimi anaona kichwa na kifua chote."

"Akiambiwa atulinganishe, atasema wewe umenizidi mara ngapi?"

"Labda mara tatu."

Akatoka nyuma ya ukuta, akaja kusimama mbele yangu, karibu, mpaka nikahisi joto la kukimbia kwake. Kichwa chake kilinifika begani.

"Umenizidi mara tatu?"

"Hapana."

"Basi ndiyo ile chati. Mwaka jana yameharibika mia tisa na kumi. Mwaka huu mia tisa na sitini, na malori mapya yameongezeka. Tofauti ndogo. Tai akaniagiza nguzo zianzie mia tisa, zisianzie sifuri, ili mtu aone vichwa tu. Nilichora kabla hujapanda kwangu na lile gazeti lako. Niliona ni kazi kama kazi nyingine. Baadaye nikawa nataka kukuambia, na kila nikifungua mdomo unaniuliza habari za rangi." Pumzi ikamkata. "Leo nimeubomoa ule ukuta mbele yao wote. Sijui kama Jumatatu nina kazi. Wewe ukatoka mlangoni."

Chini karakana mtu alikuwa anagonga chuma, na kila pigo likaniingia mimi.

"Na wewe unao ukuta wako," akasema, sasa kwa sauti ndogo.

"Mimi?"

"Nikikuchekesha, unaanza kunipima pale alipoishia mkeo. Nikikuonea huruma, unaanzia pale pale. Nakuona ukifanya hesabu hiyo usoni. Mimi sitaki umtoe marehemu, Fundi. Alale pema. Nataka na mimi unipime kuanzia chini, kwenye miguu, na ufupi wangu huu huu."

"Na fundi umeme je?"

Akanitazama. "Fundi umeme gani?"

"Yule wa mluzi. Si ulisema mtu wako ni fundi?"

Akafungua mdomo, akaufunga. Akageukia ukuta, mabega yakaanza kutikisika, na sikujua ni kicheko au kilio mpaka aliponigeukia, ndipo nikaona ni vyote viwili.

"Nilisema Fundi," akasema. "Nikakutazama hivi ninavyokutazama. Nikasema Fundi, nawe ukaitika naam!"

Dalili zote zikanijia kwa pamoja, kama taa za nyumba nzima umeme unaporudi. Nikashika kiukuta. "Ni mimi?"

"Ndiyo, ni wewe. Nakutaka wewe. Nikuchoree?"

"Ngoja," nikasema. "Ngoja kwanza. Sijakaa sawa."

"Utakaa sawa baadaye. Rudi ndani, sema lako moja, utoke."

Nikarudi. Sikukumbuka salamu wala vyeo vya watu. Slaidi ikawaka, nikaisoma kama ilivyo, nikasema lori likiingia asubuhi jioni liko njiani, basi. Mwenyekiti akavua miwani.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, mama."

Wakanong'onezana. Tai alikuwa anakaza tai yake mpaka shingo imevimba. Mwishowe mwenyekiti akasema karakana iendelee mpaka mwisho wa mwaka, halafu watalitazama tena. Watalitazama! Wale kazi yao ni kutazama. Na wakaongeza, kwa midomo ile ile, kwamba Bi Rangi ahamishiwe mapokezi kuanzia Jumatatu, kwa kumkatiza meneja kikaoni. Aliyesema kweli ndiye aliyeshushwa. Aliyetoa agizo akamiminiwa maji kwenye glasi.

*

Jioni nilimkuta mapokezi anapanga vitu vyake kwenye dawati jipya: kikombe, kalamu, ua la plastiki.

"Pole," nikasema.

"Nimesogea karibu na karakana," akasema, macho yake mekundu. "Kaka amepiga simu mara mbili. Mtu wa posa yuko nyumbani, anangoja na soda. Nimwambie nini?"

Nilijua nini kinatakiwa kusemwa. Lakini kichwani walikuwa wamejaa watu: mke wangu, mama, Tai, karakana ya mpaka mwisho wa mwaka. Nampa nini mwanamke huyu? Nyumba yenye mwenyewe na kazi inayotazamwa?

Simu ikaita tena. Akaipokea, akasikiliza, hakusema kitu. Akaninyooshea.

"Halo?"

"Nani huyu?" sauti nzito ikauliza.

"Mimi ni fundi wa magari kazini kwao."

"Wewe ndiye huyo mtu?"

"Nadhani ndiye."

"Unadhani?"

Bi Rangi alikuwa amegeukia dirisha. Mkono wake ulilishika lile ua la plastiki kama linaweza kuanguka na kuvunjika.

"Ndiye," nikasema. "Ndiye mimi. Namtaka dada yako, kaka, kama naye bado ananitaka. Leo amepata hasara kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa sijaelewa."

"Una kazi?"

"Mpaka mwisho wa mwaka."

Nikasikia mtu mwingine huko anakohoa, labda mwenye soda.

"Hujui kujinadi," kaka akasema. "Sawa. Mimi huyu namrudisha kwao leo, na aibu yake naibeba. Wewe njoo Jumapili. Usije peke yako. Siongei habari za dada yangu na mtu aliyejiotea kama uyoga. Njoo na mkubwa wako wa kukuzaa au wa kukulea." Akakata.

"Amesemaje?" Bi Rangi akauliza, bado anatazama nje.

"Nije Jumapili. Na mkubwa wangu."

"Unaye?"

Nikamwambia ngoja nikamuulize.

*

Mama alikuwa ukumbini anachambua maharage. Nilikaa kwenye kibao mbele yake, nikachukua konzi moja nikawa nachambua na mimi, natupa mazima nabakiza mawe.

"Wamekufukuza," akasema.

"Hapana."

"Basi umeoa."

"Bado."

Vidole vyake vikatulia. Nikamweleza yote, moja kwa moja, bila kupamba: ukuta, mapokezi, simu, Jumapili. Nilipofika kwenye mkubwa wangu, nikaishiwa maneno.

"Wazazi wako hawapo," akasema polepole. "Kaka yako hata simu hapokei. Sasa utakwenda na nani?"

Nilitazama maharage.

"We!" Akaweka ungo chini. "Una wazimu? Niende nikambembelezee mume wa binti yangu mwanamke mwingine?"

"Ndiyo, mama."

"Niingie kwa watu, nikae, ninywe maji yao. Waniulize, wewe mama ni nani wake? Nijibu nini? Mkwe? Mkwe wa nani, na aliyenifanya mkwe yuko ardhini?" Sauti ikapasuka. "Na huyu akiingia humu, mimi ni nani? Mgeni aliyesahau kuondoka?"

Nilikuwa nimedhani ni shati. Nilikuwa nimedhani ni wivu wa marehemu. Kumbe muda wote mama wa watu alikuwa anaogopa kupoteza mlango wa kuingilia, na mimi kama kawaida yangu sikuwa nimeelewa.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Mtu kama wewe sijui anaitwaje. Ninachojua sina mwingine. Usipokwenda, siendi."

Akajifuta uso kwa upande wa nguo. Watoto wa jirani walipita wakigombania mpira, wakaishia. Akauvuta ungo, akaanza kuyarudisha yale maharage mazima niliyoyatupa, moja moja.

"Amesema anakutaka?" akauliza. "Kwa mdomo wake, au ni habari za fundi umeme tena?"

"Kwa mdomo wake."

"Leo?"

"Leo, kwenye ngazi."

Akaguna. Akachambua kidogo, akatupa jiwe mbali, zaidi ya ilivyohitajika.

"Jumapili nitakwenda," akasema. "Wewe huko unyamaze, maana ukisema hueleweki na ukiambiwa huelewi. Wakiniuliza mimi ni nani wako, nitasema ni mama yako mzazi." Akaninyooshea kidole chenye vumbi la maharage. "Na usinisahihishe mbele za watu."